Mapezi Mawili ya Impela

Msimu wa kusi wa mwaka juzi mashine ya boti yangu ilichemsha kwa muda wa miezi miwili, na katika miezi hiyo nilinunua impela mbili (gurudumu la mpira lenye mapezi linalosukuma maji ya kupoza), thamostati moja (kilango kinachofunguka kwa joto), gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha silinda, na plagi sita, kabla sijagundua kwamba kilichokuwa kikiiunguza ni vipande viwili vya mpira ambavyo vyote kwa pamoja vingeenea ndani ya kijiko cha chai.

Boti yenyewe ni ya faiba, ina urefu wa mita 7, na hufanya kazi kati ya Kilindoni, kisiwani Mafia, na Nyamisati, upande wa bara, ingawa mara mojamoja hupita kisiwa cha Jibondo kuchukua samaki. Mashine ni ya nguvu za farasi 40, silinda mbili, ya kuchanganya oili na petroli, yaani aina ile ile ambayo msomaji wa pwani ameiona kwenye tezi, yaani nyuma, ya boti nyingi. Haina king'ora cha joto wala saa ya kuonyesha joto. Kitu pekee kinachompa nahodha habari za maji yaliyomo ndani yake ni ule uzi wa maji unaotemwa na tundu dogo kwa nyuma, nasi tumelelewa na kanuni moja tu: ikitema maji ni nzima, isipotema izime. Sehemu ya pili ya kanuni hiyo ni kweli tupu. Sehemu ya kwanza ndiyo iliyonigharimu.

Ili lawama yangu kwa uzi ule wa maji ieleweke, inabidi njia ya maji ifuatwe kuanzia chini. Mashine ya namna hii haina rejeta kama gari. Hupozwa na bahari ile ile inamoelea boti. Maji huingia kupitia nyufa za chujio zilizo ubavuni mwa gia boksi, juu kidogo ya propela. Juu ya gia boksi ipo pampu, na ndani ya pampu imo impela ya mpira iliyovishwa kwenye shafti na kuzungushwa kwa msaada wa kichuma kidogo chenye umbo la nusu mwezi, ambacho mafundi hukiita kii. Nyumba ya pampu haikuzunguka shafti sawasawa, bali imesogea upande mmoja, kwa hiyo mapezi ya impela hukunjika yanapopita palipo pembamba na hukunjuka yanapofika palipo papana, na katika kukunjika na kukunjuka huko maji huvutwa na kusukumwa juu. Kutoka hapo hupanda kwa mrija mrefu, huzipoza kuta za ekzosi, huzizunguka silinda, hufika kwenye hedi, hupita kwenye thamostati, kisha hushuka pamoja na moshi na kutokea katikati ya propela.

Uzi ule unaotemwa nyuma ni tawi dogo tu la safari hiyo, na kwenye mashine nyingi tawi hilo huchepuka kabla maji hayajaimaliza safari yenyewe. Kwa hiyo linashuhudia jambo moja, kwamba pampu inasukuma. Kuhusu silinda ya juu halina ushahidi wowote. Anayelitegemea peke yake ni sawa na mtu aliyeona bomba la mtaani linatoka maji akaapa kwamba tangi la juu ya nyumba yake limejaa.

Mkasa wangu ulianzia Nyamisati, siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa kiasi kwamba mfereji wa katikati ya mikoko ulikuwa umebaki kama barabara ya tope. Maji ya delta ya Rufiji hubeba mchanga laini na udongo, na kila nahodha anayepita pale anajua kwamba pampu yake inasagwa taratibu kama inayopigwa msasa. Siku hiyo, hata hivyo, mkosaji hakuwa mchanga. Mfuko wa nailoni ulinaswa kwenye gia boksi na kuziba chujio za pande zote mbili. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na kwa kweli imepungua, lakini ile iliyokwisha kuingia majini haikulisikia tangazo. Baharia wangu alikuwa omo akipima kina kwa pondo, mimi nilikuwa nikitazama mbele, na hakuna aliyegeuka kuangalia nyuma mpaka tuliponusa harufu ya rangi inayoungua.

Hapo nilifanya mambo mawili sahihi, ambayo nayataja kwa sababu baada yake sikufanya mengi sahihi. Niliizima mashine na kutia nanga mara moja ili mkondo usitusukumie kwenye mikoko, na nilimzuia baharia ambaye tayari alikuwa amechota ndoo ya maji ya bahari amwagie mashine. Chuma kilichopata moto kikimwagiwa maji ya baridi kinaweza kupasuka, na hedi iliyopasuka haina dawa ya bei nafuu. Tuliinua mashine, tukautoa mfuko, tukasubiri karibu nusu saa. Ilipowashwa ilitema maji kwa udhaifu, nasi tukarudi Kilindoni polepole.

Impela ni mpira unaosuguana na chuma, na kinachoulainisha mpira huo ni maji yenyewe. Ikizungushwa kavu huungua kwa muda mfupi mno. Dakika moja inaweza kuwa nyingi. Ndiyo maana kuiwasha mashine nchi kavu "kidogo tu, nisikie sauti" ni mchezo mbaya ambao bado nauona pale ufukweni karibu kila wiki.

Kijana aliyeifungua pampu siku ya pili hakukosea kwa alichokisema. "Kaka, impela imekwisha," aliniambia, akanionyesha. Mapezi yaliyobaki yalikuwa yamekunjamana na kung'aa kama mpira wa tairi uliokaribiana na moto. Tulinunua mpya, tukaipaka maji ya sabuni ili isianze kazi ikiwa kavu, tukaiingiza huku tukiizungusha upande ambao shafti huzungukia ili mapezi yalale upande unaostahili, tukafunga. Ile ya zamani niliitupa ndani ya sanduku la spana, kwa tabia yetu ya kutotupa chochote kinachofanana na kipuri. Mashine ilipowashwa ndani ya pipa, ilitema maji kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuiona ikitema tangu niinunue. Nilifurahi. Laiti ningeelewa kwamba nguvu ile ilikuwa sehemu ya ugonjwa.

Baharini ilikuwa hivi: mashine ikiwa silensa, yaani ikiunguruma bila kuongezewa mafuta, ilikuwa baridi na ningeweza kuuweka mkono juu ya hedi bila shida. Tukienda mwendo wa wastani hakukuwa na tatizo. Lakini tukifungua mafuta yote, baada ya kama robo saa ilianza kupungua nguvu yenyewe, boti ikashusha omo, na ile harufu ya rangi ikarudi, ilhali uzi wa maji nyuma unaruka vizuri kabisa. Nilipofunua kifuniko na kudondosha tone la maji kwenye hedi karibu na silinda ya juu, lilichemka na kutoweka papo hapo.

Basi zikaanza tiba za kubahatisha. Kwanza tuliishuku impela mpya, kwamba ni bandia, tukanunua nyingine kwa bei mara mbili. Impela bandia zipo kweli, na zipo pia halisi zilizokaa dukani miaka mingi mpaka mpira umekuwa mgumu na mapezi hayarudi yakikunjwa kwa kidole, lakini yangu haikuwa na ila yoyote. Baada ya hapo mwenzangu mmoja wa bandarini akaniambia neno ambalo nimelisikia mara nyingi kuanzia Kilwa hadi Unguja: "Huku kwetu joto, thamostati ya nini? Itoe."

Nikaitoa. Ushauri huu umeenea sana, na naamini umeharibu mashine nyingi kuliko unavyodhaniwa. Thamostati ya mashine ya boti haikuwekwa kwa ajili ya nchi za baridi peke yake. Huzuia maji mpaka chuma kifikie joto linalofaa, ambalo kwa mashine nyingi za maji ya chumvi ni kati ya nyuzi 48 na 60 hivi, chini sana kuliko la gari, kwa sababu maji ya bahari yakipata joto kubwa zaidi huanza kuacha magamba magumu kwenye kuta za njia zake. Ukiitoa, mashine ikiwa silensa haifikii joto lake, petroli haivukizi vizuri, plagi zinalowa oili na masizi yanajaa. Ndivyo ilivyokuwa kwangu: asubuhi ilikuwa ngumu kuwaka, plagi nilizibadilisha mara tatu, na mwendo wa kasi bado ilichemsha vile vile. Nilikuwa nimeongeza ugonjwa wa pili bila kuuondoa wa kwanza.

Anayetaka kujua kama thamostati yake ni nzima hahitaji kubahatisha, kwani jikoni kuna kila kitu. Chukua sufuria la maji, funga uzi kwa kuubanisha kwenye mdomo wa thamostati ikiwa baridi na imefunga, kisha ining'inize ndani ya maji kwa uzi huo bila kugusa chini, na utie kipimajoto pembeni. Maji yakipanda joto, kuna wakati mdomo utafunguka, utauachia uzi, na thamostati itadondoka chini ya sufuria kwa mlio mdogo. Soma kipimajoto wakati huo huo na ulinganishe na namba iliyopigwa muhuri kwenye thamostati au iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Yangu ilidondoka kwenye nyuzi 51, mbele ya mke wangu ambaye hakufurahishwa na matumizi yale ya sufuria lake la wali. Ilikuwa nzima, na nilikuwa tayari nimekwisha kununua nyingine.

Gasketi ya hedi sitaieleza sana. Tuliibadilisha kwa sababu plagi ya juu ilikuwa nyeupe na safi kuliko ya chini, na plagi iliyooshwa na mvuke namna hiyo kweli huashiria maji yanayopenya ndani ya silinda. Tungepima mgandamizo wa silinda zote mbili kabla ya kufungua, tungeona kwamba zinalingana na kwamba gasketi haina hatia. Weupe ule ulitokana na joto tu. Kupima kwenyewe ni rahisi kuliko kubadilisha gasketi.

Mwisho nilikwenda kwa fundi mmoja mzee ambaye amekwisha acha kazi, na ambaye hupenda kukaa chini ya mkorosho wake mchana kutwa. Nilimwamkia, nikakaa, nikamsimulia yote tangu Nyamisati. Hakuniuliza lolote kuhusu mashine. Aliuliza, "Impela ya kwanza iko wapi?"

Nilikwenda kuitoa kwenye sanduku la spana. Aliishika kwa mkono wa kushoto na kuihesabu mapezi kwa kidole gumba cha kulia, taratibu, kama mtu anayehesabu punje za tasbihi: moja, mbili, tatu, nne. Kidole kikapita mahali pawili palipokuwa na vishina tu. Impela ile ilipotoka kiwandani ilikuwa na mapezi sita.

"Mwanangu, haya mawili yalikwenda wapi?"

Nilimjibu kwamba bila shaka yalikwenda na maji.

"Kwenda yalikwenda na maji," akasema, "lakini maji yanakwenda juu."

Siku iliyofuata tuliivua gia boksi tena, mzee akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na mimi nikifanya kazi. Tulifungua kifuniko cha thamostati, tukaichomeka bomba ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, pale juu na kuyarudisha maji kinyume cha safari yake, yashuke kwa mrija mpaka chini. Yalipaswa kushuka kwa wingi. Yalishuka kama maji ya birika linaloishia. Nilipoingiza waya laini kwenye mdomo wa mrija na kuuzungusha, kipande cha kwanza kilidondoka ndani ya ndoo, cheusi, kimejikunja kama kipande cha ganda la ukwaju. Maji yaliongezeka, lakini si ya kutosha. Cha pili kilitulazimisha kufungua kifuniko cha upande wa ekzosi, na tulikikuta kimebana kwenye mlango wa njia inayoelekea silinda ya juu, kikiwa kimezungukwa na chumvi iliyoganda na mchanga mpaka kikawa kama kizibo kilichotengenezwa makusudi.

Hapo ndipo dalili zote zilipopangika. Maji yalikuwa na njia ya kutosha kwa mwendo mdogo, ambapo joto ni kidogo, lakini si kwa mwendo wa kasi. Na kwa kuwa kizibo kile cha pili kilikuwa baada ya lile tawi la tundu la nyuma, maji yaliyokosa njia ya kwenda juu yalisukumwa kwenye tawi, ndiyo maana uzi ukaruka kwa nguvu kuliko zamani. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa mtu anayelalamika kuwa mashine inachemsha ni hili: inachemsha ikiwa silensa au ikiwa kasi? Ikichemsha silensa na ikapoa boti inapokimbia, shuku pampu yenyewe, yaani mapezi yaliyochoka au sahani ya chini ya pampu iliyochimbika. Ukipitisha ukucha juu ya sahani hiyo na ukucha ukakwama kwenye mfereji, ibadilishe pamoja na impela, la sivyo impela mpya itavuja kama ya zamani. Ikipoa silensa na kuchemsha kasi, shuku njia ya juu kabla ya kugusa pampu.

Ipo sababu nyingine ya kuchemsha kwa kasi ambayo haihusiani na uchafu wowote, nayo ni mashine kufungwa juu mno kwenye ubao wa tezi. Bati lile pana lililo juu ya propela linapaswa kuwa sawa na kitako cha boti au chini yake kidogo. Likiwa juu, chujio huvuta povu na hewa pindi boti inapoinuka, hasa kwenye mawimbi ya kusi. Boti nyingi za mbao zilizobadilishwa kutoka tanga kuwa za mashine zina kasoro hii, na wenye nazo hununua impela kila mwaka bila kupima tezi hata mara moja. Mchanganyiko wenye oili pungufu pia huleta joto ambalo maji hayawezi kulitibu: kama kitabu kinataka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, basi chupa ya soda iliyokadiriwa kwa jicho haitoshi kuwa kipimo.

Isitoshe, maji ya Mafia huingia kwenye mashine yakiwa na nyuzi 25 hadi 30, si nyuzi 10 kama ya bahari za kaskazini, kwa hiyo kosa dogo ambalo kwingine lingestahimilika kwetu linaonekana mapema.

Kuhusu chumvi, desturi yangu sasa ni kuiwasha mashine ndani ya nusu ya pipa la lita 200 lenye maji baridi kila Ijumaa kabla ya sala, kwa muda wa dakika 10 hivi, maji yakiwa yamefunika chujio na pampu yote. Dakika 10 si za kupamba: thamostati isipofunguka, maji yale hayazunguki vizuri kwenye hedi, na hapo unakuwa umeosha miguu ukaacha kichwa. Tundu la nyuma nalisafisha kwa kipande cha mshipi mnene wa kuvulia, wala situmii msumari, kwa sababu mdomo wake ni wa plastiki. Magamba magumu ambayo maji matupu hayayaondoi, siki ya jikoni huyalainisha ikiachwa ndani kwa saa kadhaa, na mara moja kwa mwaka hufanya hivyo. Impela nabadilisha kila mwaka kabla ya kusi, iwe imechoka au haijachoka, na ile inayotoka nahesabu mapezi yake kwanza, kisha ndipo natafuta spana.

Thamostati nimeirudisha, ile ile ya nyuzi 51, na ile mpya ipo kabatini. Kilichobaki ni bolti. Tulipofungua kifuniko cha upande wa ekzosi, moja ilikatika ndani ya alumini, kwa kuwa chuma cha pua na alumini vikikaa pamoja kwenye chumvi hushikana kama vilivyochomelewa. Kifuniko kimefungwa kwa bolti zilizobaki na kinavuja tone moja moja mashine ikiwa na kasi. Mzee amenikataza nisiitoboe mwenyewe. Anasema niendelee kuilowesha kwa mafuta ya kulegeza kutu jioni na asubuhi, niipashe moto kidogo kuizunguka, nisubiri maji mafu ya wiki ijayo, siku ambazo bahari haijai wala haikupwi sana, wakati boti haina safari nyingi, nami nimpelekee mashine pale pale chini ya mkorosho.